Seli Zilizotembea Mkononi Mwako

Mama,

Sijui huko uliko barua hufika vipi, ila najua hukuwa mtu wa kupitwa na habari. Mtoto alikuwa akizaliwa kijijini Usenge asubuhi, kufikia mchana wewe huku mjini Kondele umeshajua uzito wake na anafanana na nani. Kwa hiyo naandika bila wasiwasi. Na naiandika barua hii wazi, yeyote aisome, kwa sababu kuna jambo wateja wako wa samaki wamelisema wazi kwa miaka yote hii: kwamba mimi, binti yako mkubwa, ndiye niliyeuponya mkono wako ulioungua. Wewe mwenyewe uliwaambia hivyo, tena kwa majivuno. Si kweli, Mama. Mwaka huu nimejua kwamba niliuumiza.

Nitakuomba msamaha, lakini kwanza lazima nikueleze nilichokiona kazini, maana bila hicho hutaelewa kwa nini mtu mzima kama mimi alilia mbele ya hadubini. Usiniharakishe. Unajua nikianza kueleza jambo lazima nizunguke.

Unaikumbuka ile Jumamosi. Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nikisomea kazi ya maabara, na Akinyi mdogo wangu alikuwa darasa la sita. Kibanda chetu cha kando ya barabara kilikuwa kimejaa wateja wa mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki viwanda vikishatoa minofu, ambayo ukiikaanga wewe watu walikuwa wakinyonya mpaka macho. Kipande kimoja kilikuwa bado kina maji. Kilipoingia kwenye karai mafuta yaliruka, yakakumwagikia mkono wa kulia kutoka kifundo mpaka vidoleni. Hukupiga kelele. Ulisema "Yawa!" mara moja, ukasogeza karai kwa mkono wa kushoto lisije likamwangukia mtu, ndipo ukaketi chini.

Kwenye zahanati sista muuguzi aliosha mkono, akapaka dawa, akakupa shashi ya kufungia kidonda na mafuta ya kupaka, akasema urudi. Ulipofika nyumbani ukaagiza jani changa la mgomba. Ulisema Dani, mama yako, alikuwa akiwafunika nalo watu walioungua kule Usenge: linachemshwa, linapoa, linalazwa juu ya kidonda. Mimi nikaona aibu. Nilikuwa na koti jeupe la chuo lililokuwa bado na mikunjo ya dukani.

"Mama, hiyo ni mambo ya zamani," nikakwambia. "Si tuko na shashi?"

Lakini nikuambie ukweli, imani niliyokutibu nayo haikutoka chuoni. Ilitoka Usenge, kwenye omena, wale dagaa wa ziwani. Wewe na Dani mlinilea juu ya zile nyavu kuukuu zilizotandazwa ufukweni, nikigeuza omena juani, nikifukuza kunguru na kutazama mawingu. Nilijua kupima omena kabla sijajua kusoma: ukiikunja ikivunjika na kulia, imekauka, itakaa. Ikipinda bila kuvunjika, bado, itaoza. Mvua ikija ghafla kabla hatujakusanya, kazi ya siku nzima ilikuwa ya kuku. Katika nyumba yetu kikavu kilikuwa kizima na kibichi kilikuwa hasara. Sasa mtoto wa nyumba hiyo, akiona kidonda chenye majimaji, unadhani angefanya nini?

Nilikikausha. Nilikuketisha mlangoni mkono ukiwa juu ya stuli, jua likiupiga. Mafuta ya sista niliyaficha, nikaona yanaleta unyevu. Nilifunika shashi kavu, na kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni niliivuta.

Ulijaribu kunikataza, tena kwa sauti ya utani, kama ilivyokuwa kawaida yako. "Omena imekufa, nyathina, mtoto wangu," ulisema. "Hii mkono bado iko hai." Nikacheka. Nikakuambia utulie, daktari yuko kazini.

Shashi ilikuwa inagandamana na kidonda. Niliivuta polepole, kwa sababu nilidhani polepole ndiyo upole. Ilitoka na utando mwembamba unaong'aa, na nyuma yake damu mbichi. Damu ile ilinifurahisha, nikadhani ni dalili ya uhai. Wewe uliuma pindo la leso, macho umeyaelekeza kwenye kalenda ya ukutani. "Toa tu, daktari wangu," ulisema. "Utachelewa." Nami nilitoa.

Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kidonda kilikuwa kikisogea kidogo kisha kikirudi. Nilianza kusema nitaacha chuo nikae kibandani, kwani mtu asiyeweza kufunga kidonda cha mama yake anasomea nini? Kisha wiki ya nne mambo yakabadilika. Shashi ikaanza kutoka kwa urahisi. Nikaamini mikono yangu imeshapata uzoefu. Kidonda kilifunga, mimi nikaendelea na masomo, na wewe ukabaki na vidole viwili vya mwisho vilivyopinda, visivyonyooka tena mpaka tulipokuzika mwaka juzi. Ulijifunza kugeuza samaki kwa mkono wa kushoto. Mteja akiuliza, ulimwonyesha ule mkono ukamwambia, "Msichana wangu ndiye alinitibu, si unaona?"

Sasa nikupeleke kazini. Hukuwahi kufika, kila nilipokualika ulisema utakuja ukipata viatu vya maana. Ni chumba cheupe chenye baridi, hapa hapa Kisumu, na kazi yangu tangu mwaka jana ni kulea seli. Usicheke, ni kulea kweli. Seli ni vile vipande vidogo mno vinavyojenga mwili, na hizi zangu ni za aina inayotengeneza tabaka la juu la ngozi. Zinakaa kwenye kisahani cha plastiki, ndani ya maji ya rangi ya waridi yenye chakula, katika kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Zikishiba zinaongezeka, zinajaza sakafu ya kisahani mpaka zinagusana pande zote, na zikigusana zinashikana. Kati ya seli na jirani yake kuna vishikizo vilivyotengenezwa kwa protini, tena vya namna mbalimbali. Kuna vinavyobana ukingo kabisa, maji yasipenye. Kuna vinavyoshika kama watu waliopishanisha vidole. Kuna vingine ni madoa madogo yenye nguvu, kama vifungo vya koti, na hivyo ndivyo vinavyofanya ngozi isichanike ukiivuta. Na kuna milango midogo ajabu ambayo seli mbili hupitishiana ujumbe.

Halafu mimi niliyezilea nachukua ncha ya plastiki, nazikwaruza. Mstari mmoja katikati ya kisahani, seli zilizokuwa hapo zinang'oka. Hicho ndicho kidonda chetu cha maabara. Kamera ya hadubini inapiga picha kila baada ya dakika chache mimi nikiwa nyumbani, na asubuhi naziendesha picha zile kwa mfululizo, kama filamu.

Mara ya kwanza kuitazama, chai yangu ilipoa mpaka ikafanya utando.

Mwanzoni seli za ukingoni zinaduwaa. Hazifanyi lolote. Kisha moja inajilaza, inatandaza mbele unyayo unaong'aa, mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, inapapasa palipo patupu. Inakanyaga, inajivuta. Jirani yake naye anatandaza unyayo. Mama, zinatembea! Vitu ambavyo jana vilikuwa vimetulia kama vigae vya sakafu leo vina miguu na vina safari, na hakuna aliyevituma.

Lakini si kutembea kulikonishika. Kilichonishika ni kwamba haziachani. Ile ya mbele inajivuta kuelekea kwenye uwazi huku wenzake wa ubavuni na wa nyuma wamemshika, naye amewashika. Vile vifungo vyenye nguvu, ambavyo siku za kawaida vimekazwa sana, vinalegea, havifunguki, vinalegea. Vishikizo vya ubavuni vinateleza kwenda nyuma kadiri seli inavyosonga, vikifika nyuma vinamezwa ndani, vinabebwa, vinarudishwa mbele kushika upya. Ile milango ya ujumbe inapungua kwa muda pale ukingoni. Hata vishikizo vya chini, vinavyoibana seli na sakafu yake, vinaachilia kiasi cha mguu kuinuka. Safu ya nyuma inafuata, na iliyo nyuma ya hiyo, na kumbe nazo hazivutwi tu, zina nyayo zao ndogo zilizojificha chini ya wenzao na zinasukuma. Nilimuuliza msimamizi wangu ni nani anayeziambia zilegee kiasi gani. Akaanza kunieleza habari za mvuto kati ya seli na ishara za kemikali, akaeleza kwa muda mrefu, mwishowe akacheka. "Sehemu kubwa bado hatujui," akasema. Nilimpenda kwa jibu hilo.

Siku nyingine tulizinyima kalsiamu, madini ambayo bila hayo vishikizo vingi havishiki. Zikaachana. Kila moja ikashika njia yake, hii ikizunguka hapo hapo, ile ikirudi ilikotoka. Miguu zilikuwa nayo, mwelekeo hazikuwa nao. Mkwaruzo ulibaki wazi.

Na zikikutana, Mama! Pande mbili zinasogeleana mpaka vinyoya vyembamba vya mbele vinagusana, vinapishana, vinavutana, na ukingo unajifunga kama zipu. Kisha zinasimama. Hakuna inayopanda juu ya nyingine, hakuna inayosema bado nina nguvu wacha niendelee. Zinakaza vifungo upya, zinafungua tena ile milango, zinatulia. Ukiangalia kesho yake huwezi kuonyesha kidonda kilikuwa wapi. Unajua mimi kanisani ni mtu wa kusinzia mahubiri yakizidi. Lakini siku hiyo nilijikuta nimesimama wima peke yangu maabarani, mikono kifuani, na sikukumbuka kuinuka kwenye kiti.

Nilifanya kazi hiyo karibu mwaka mzima na sikukuwaza wewe hata mara moja. Hilo nalo linaniuma.

Miezi michache iliyopita nilifanya kosa la kijinga. Niliacha kisahani kimoja bila kukifunika sawasawa, na ile trei ya maji inayoweka unyevu kabatini ilikuwa tupu. Asubuhi nikatazama filamu. Seli zilianza vizuri, zikatoa nyayo, zikashikana, zikasonga. Kisha zikapunguza mwendo. Kisha zikasimama. Maji yalikuwa yamekauka, na zile za mbele zilikuwa zimekunjamana, zimekufa zikiwa zimenyoosha unyayo. Msimamizi akatazama juu ya bega langu. "Hizi hazitembei pakavu," akasema, akaenda zake kunywa chai. Hakujua amesema nini.

Nilikaa kitini nikaona mlango wetu wa Kondele, stuli, na mkono wako juu ya stuli juani.

Ule utando uliokuwa uking'aa, Mama. Ule uliotoka na shashi kila asubuhi, nikaukunja ndani ya karatasi nikautupa kama uchafu. Ndizo hizo, seli zako. Zilikuwa zimetoka ukingoni mwa ngozi yako, zimelegeza vifungo vyao bila kuachana, zinatafuta penye unyevu pa kukanyaga, na nilipokausha juu zilijipenyeza chini ya kigaga na katikati ya nyuzi za shashi. Asubuhi nikaja mimi na mikono iliyooshwa kwa sabuni, nikang'oa safu nzima. Siku baada ya siku. Kila ulichojenga, nilikivuta polepole. Na jani la Dani, ambalo niliona ni la washamba, halingegandamana na kidonda na lingetunza unyevu. Sikuhitaji kulijua hilo kutoka kwenye vitabu. Nilihitaji kukusikiliza tu.

Nililia hapo hapo. Mfagiaji akaniletea karatasi za kupangusia meza, akafikiri nimefiwa. Kwa namna fulani ni kweli.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kibandani. Akinyi ndiye anayekaanga siku hizi, na ana ulimi kama wako. Kulikuwa na wateja wawili, wazee wale wale wa siku zote, nami sikungoja waondoke.

"Akinyi," nikamwambia, "mkono wa Mama, ni mimi niliuharibu."

Hakuacha kugeuza samaki. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwani unafikiria hiyo shashi ilianza kutoka vizuri yenyewe?" Alitazama karai, hakunitazama mimi. "Wiki ya tatu Mama alirudi kwa sista. Mimi ndiye nilimsindikiza. Sista akaangalia akauliza, nani anavuta hii kitu ikiwa kavu hivi? Akasema mkiendelea, vidole zote zitapinda. Akamwonyesha kuloweka na maji imechemshwa ikapoa, halafu mafuta. So Mama alikuwa anaamka kabla yako. Analoweka shashi ikiwa juu ya mkono, anapaka, anafunika tena, anarudi kulala. Wewe ukiamka unakuja na koti yako, unatoa, unasema, Mama, umeona vile nimejua?"

Wazee wale walikuwa wameacha kutafuna.

"Na jua je? Nilikuwa namweka juani kila siku."

"Si alianza kukwambia jua inamuuma kichwa?"

Nikakumbuka. Nilikuwa nimekutafutia kofia.

Nikuambie ukweli, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa shukrani. Nilikasirika. Nilikasirika na wewe, na Akinyi, na sista, na maji yenyewe. Miaka yote hii mlinitazama nikijisifu mbele ya shangazi zangu, nikisimulia mazishini, nikiwa nimeshika kipaza sauti, jinsi nilivyokuponya! Ungeniambia, Mama. Ningekasirika siku mbili, ningeomba msamaha, ungenisamehe ukiwa hai na ningekusikia. Badala yake uliamka gizani na mkono unaowaka, ukamsaidia daktari wako bila yeye kujua, kisha ukajilaza ukangoja aje akuumize kidogo ili ajione ana maana. Mimi natazama seli kazini na kusema sijaona ajabu kama hii, na ajabu yenyewe ilikuwa ikinipikia chai kila asubuhi kwa mkono mmoja.

Nisamehe. Nisamehe kwa kila asubuhi, na kwa pindo la leso, na kwa kucheka. Nisamehe vile vidole viwili. Nimeshawaeleza wateja wako ukweli. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema bado atasema ni mimi, kwa sababu ndivyo wewe ulivyotaka. Siku hizi sista wa zahanati yetu akinialika naenda kuongea na akina mama wa kukaanga samaki, nawaonyesha ile filamu kwenye simu. Huwa wanaisogelea simu zile pande mbili zinapokutana. Halafu nawaambia wasikaushe, wasivute, waloweke kwanza, warudi kwa sista. Nawaambia nilikosea wapi na kwa nani.

Lakini lile swali la kwa nini ulinyamaza nilikuwa bado nalo. Nilimuuliza Akinyi kabla sijaondoka kibandani, na sauti yangu haikuwa nzuri. Naye alizima jiko kwanza, akajifuta mikono, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mimi nilimwambia akwambie," akasema. "Nilimwambia, Mama, si umwambie tu aache? Ulikuwa na mtihani, na ulikuwa umeanza hiyo maneno ya kuacha shule. Akaniambia hivi: Hii vidole ikipinda, wacha ipinde. Huyu akipinda roho, nani atamnyoosha?"

Sikupinda, Mama.

Oriti, kwaheri. Pumzika vizuri huko uliko.

Mimi binti yako mkubwa, uliyemwita daktari